Goma: Madoa meupe kwenye plastiki ya gari, nani alipe?

Jioni, kwenye vituo vya kuosha magari mjini Goma, ubishi ni ule ule. Gari limeoshwa, limepakwa nta, bati linang'aa. Lakini mwenye gari akizunguka anakuta plastiki nyeusi za chini ya taa na kandokando ya milango zina madoa meupe.

"Mdogo, hii ni nini umeniachia?"

"Patron, itatoka tu."

Haitoki, na kijana anakatwa pesa.

Kumkata ni kumuonea. Plastiki hiyo haikupakwa rangi kama bati. Uso wake una vipele vidogo vidogo. Nta ikiingia humo inakauka na kuwa nyeupe, na kitambaa hakiifikii. Vumbi la mawe ya volkano nalo halisaidii.

Kibaya zaidi ni kile kinachofuata. Kwa kuogopa kupoteza malipo, kijana anachovya kitambaa ndani ya esansi. Doa linalainika, ni kweli. Lakini esansi inakausha mikono, harufu yake inaumiza kichwa, na cheche moja inatosha kuleta moto. Plastiki yenyewe inaweza kupauka. Wengine wanafunika doa kwa mafuta machafu ya motere. Patron anafurahi siku mbili, kisha mvua inayashusha mtaroni, na kutoka hapo ziwani si mbali.

Na kumbe dawa iko jikoni. Maji ya moto kiasi, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani wenye nywele laini: kusugua kwa kuzungusha, kufuta kabla haijakauka, kisha kurudia. Doa sugu hupakwa karanga ya kusaga kidogo, kwani mafuta yake hulainisha nta. Baadaye plastiki ioshwe vizuri kwa sabuni, la sivyo vumbi litaganda. Kifutio cheupe cha penseli pia kinasaidia. Alkoli ya famasia iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inafaa, ila ijaribiwe kwanza pembeni pasipoonekana.

Lakini kwa nini kijana anunue hayo yote kwa mfuko wake? Mkubwa wa kituo ndiye anayepokea sehemu nono ya pesa. Ni juu yake kuweka mswaki, sabuni na skochi ya karatasi ya kufunika plastiki kabla ya kupaka. Skochi hiyo wapaka rangi wanaijua vizuri.

Upande wao, wenye magari waache haraka. Nta hupakwa kidogo, kivulini, bati likiwa limepoa. Anayedai kazi iishe kwa dakika kumi, jua la saa saba likiwaka, madoa hayo ameyaagiza mwenyewe. Na kabla ya maji kumwagwa, patron na kijana wazunguke gari pamoja: madoa mengine yalikuja nalo kutoka kituo kingine.