Tuchange kabla ya msiba

Jumuiya yetu ina sifa moja ambayo hakuna wa kutunyang'anya: tunajua kuzika. Habari ya msiba ikiingia kwenye kundi la WhatsApp alfajiri, hadi jioni kamati imeundwa, mweka hazina ametajwa, na orodha ya michango inarefuka jina baada ya jina hadi mwili usafirishwe Tanga, Mombasa au Bukavu. Waliokuwa hawasemezani hukaa jamvi moja. Tunajivunia hilo, na tahariri hii haina nia ya kulipunguza.

Lakini baadhi ya hao tunaowasindikiza hawakufika umri wa kustaafu. Ilikuwa presha, kisukari, kiharusi. Na msibani, chai ikishaandaliwa, kuna maneno ambayo hayakosi mtu wa kuyasema: "Alikuwa analalamika kichwa muda mrefu, ila hakupata nafasi ya kwenda hospitali." Wote huitikia kwa kichwa, kisha mazungumzo hubadilika. Sisi tunaomba yasibadilike. Hiyo nafasi, nani anayo na nani hana, na kwa nini?

Hapa Uingereza jibu halipo mlangoni kwa daktari. NHS, huduma ya afya ya taifa, haitozi ada ya kumwona GP, yaani daktari wa familia, na ili kujiandikisha huhitaji pasipoti, hati ya ukaazi wala uthibitisho wa anwani. Mlango uko wazi, lakini si kila mtu ana miguu ya kuufikia. Mwaka 1967 watafiti walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali wa Whitehall, London, wanaume zaidi ya 17,000. Hawakuwa mafukara, na wote walikuwa na NHS ileile. Hata hivyo, watu wa daraja la chini kabisa, matarishi na wangoja milango, walikufa kwa takriban mara tatu ya wakuu wao. Sigara na presha zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Michael Marmot, aliyeuchambua utafiti huo na kuongoza wa pili ulioanza 1985, alionyesha uzito wa jambo jingine: mtu ana usemi kiasi gani juu ya kazi yake.

Sasa tazama kazi zetu. Mama anayehudumia wazee majumbani hutoka kwake saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja kasorobo yuko kwa mzee wa kwanza: kumwamsha, kumwogesha, kumpa dawa na chai, dakika 30, kisha kuandika kwenye simu kwamba amemaliza. Anapanda basi hadi kwa wa pili, dakika 15, na basi jingine hadi kwa wa tatu. Mchana kuna pengo la saa tatu: nyumbani ni mbali, basi anakaa kituoni na chakula chake cha kopo. Mzee wa mwisho analazwa saa nne kasorobo usiku. Mama huyo ameshinda siku nzima nje, lakini hati yake ya mshahara inataja zile dakika za ndani ya nyumba za watu tu. Sheria inasema muda wa kusafiri kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine lazima uhesabiwe kwenye kima cha chini cha mshahara. Wangapi kati yetu wanalijua hilo? Na wangapi wanalijua, ila hawathubutu kulisema kwa sababu bosi ndiye mdhamini wa viza?

Akiugua, hesabu inazidi kuwa mbaya. Kwa miaka mingi siku tatu za kwanza za ugonjwa hazikulipwa kabisa, na ilibidi sheria mpya ya ajira ya 2025 ije kuzifuta kuanzia Aprili 2026. Ni hatua njema, lakini malipo yenyewe ni madogo. Mwaka wa fedha 2025/26 kiwango cha kisheria kilikuwa pauni 118.75 kwa wiki, na kima cha chini cha mshahara pauni 12.21 kwa saa. Wiki nzima kitandani haikufikia malipo ya saa kumi za kazi. Mwenye kodi ya nyumba hapa na karo za shule kule atameza panadoli na kwenda kazini. Mwenye kazi ya ofisini, ambaye mshahara wake hautikisiki akiumwa, ataenda kwa GP. Wote wawili ni wanachama wetu.

Kuna na umri. NHS inatuhesabu watu wenye asili ya Kiafrika kuwa kwenye hatari zaidi ya kisukari cha aina ya pili tangu miaka 25, ilhali kwa Wazungu ni 40. Lakini uchunguzi wa bure wa afya huko England unawaita watu wa miaka 40 hadi 74. Kijana wetu wa miaka 32 anayelala mchana na kula usiku hatapata barua ya kumwita. Asipoenda mwenyewe, hakuna atakayemwuliza.

Na familia nayo imegawanywa kwa tarehe. Wanaohudumia wazee kwa viza iliyofunguliwa kwao 2022 waliruhusiwa kuja na wenzi na watoto. Walioomba upya tangu tarehe 11 Machi 2024 hawakuruhusiwa. Matokeo yake, wawili wanafanya shifti moja, kwa mzee mmoja: mmoja akirudi anakuta mtoto amelala chumbani, mwingine anampigia bibi Morogoro kuuliza kama mtoto amekula. Hata mwenye makazi ya kudumu akitaka kumleta mwenzi wake lazima aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kwa kima cha chini cha 2025/26, pauni 12.21, saa 45 kila wiki mwaka mzima hazikufikisha. Kwa maneno mengine, haki ya kulala na mkeo au mumeo ina bei, na bei hiyo haikupangwa kwa mishahara ya wengi wetu.

Tunawasikia wakongwe wakisema: "Sote tulibeba boksi, tukavumilia." Kweli, mlibeba. Lakini wengi wenu mliweza kumwacha bosi mbaya Ijumaa mkaanza kwingine Jumatatu. Anayefungwa na viza ya mdhamini, akipoteza kazi, kwa kawaida hupewa siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakiwa wametoka kijiji kimoja.

Tena ukosefu wa usawa tunao hata sisi wenyewe. Mchango wa msiba ni kiwango kimoja kwa mhasibu na kwa anayelipwa kwa saa, na asiyetoa jina lake linanong'onwa. Mikutano yetu ni Jumamosi jioni, wakati wauguzi na wahudumu wako kazini. Ndiyo maana wanaoamua ni walewale, na mambo yanayoamuliwa ni yaleyale.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa mkutano mkuu wa mwaka. Kwanza, sehemu ya mfuko wa msiba itengwe kuwa fungu la ugonjwa, ili mwanachama asiye na malipo ya maana akiumwa aweze kukaa nyumbani wiki moja bila kukopa. Pili, michango ipangwe kwa kadiri ya kipato, na mwenye uwezo mdogo asitangazwe. Tatu, kila shughuli yetu, iwe Idi, harusi au sherehe ya Uhuru, iwe na meza moja yenye kipimo cha presha na fomu za kujiandikisha kwa GP. Waliotimiza miaka 40 waelekezwe pia kwenye maduka ya dawa huko England, ambako presha hupimwa bure. Nne, wenye makazi ya kudumu na uzoefu wa sheria au uhasibu watoe saa chache kila mwezi kuwasomea wenzao hati za mshahara, na panapokuwa na wizi wa saa, waandike barua wao. Wao hawana viza ya kupoteza.

Gharama ya haya yote ni ndogo kuliko tiketi ya jeneza. Mkutano utafanyika Jumapili mchana badala ya Jumamosi, na wanaokuwa shifti watapiga kura kwa simu. Mjumbe atakayepinga fungu la ugonjwa tunamwomba aje na hesabu zake, azisome mbele ya wenzetu wanaokosa nafasi ya kwenda hospitali.