Mtafiti njoo, mwenyeji apone

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huikumbuka methali hiyo kila nionapo kijana nadhifu akishuka kwenye matatu hapa Keumbu, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Keroka, akiwa na furushi la hojaji kwapani. Huyo ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekuja kuchunguza biashara ya ndizi, umaskini wa vijijini au sera ya masoko. Atawahoji akina mama wauzaji, atawashukuru kwa adabu, kisha atarudi chuoni. Hatumwoni tena.

Siku moja niliombwa nimfasirie mmoja wao, kwa kuwa mimi ni mwalimu na hojaji yake ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Alitaka kujua mapato ya mama mmoja kwa mwezi. Mama yule alicheka. "Mwalimu," akaniambia, "ndizi hazijui mwezi. Leo nimeuza mikungu mitatu, juzi sikuuza hata mmoja. Walikuja wengine kabla ya huyu wakauliza hayo hayo. Mwambie aandike apendacho." Nilitaja kiasi cha kukisia, kijana akakiandika. Nakiri kosa langu. Lakini najiuliza ni nambari ngapi za namna hiyo zilizolala ndani ya tasnifu zilizopewa alama za juu.

Jambo hili si dogo. Mkungu hapa hauuzwi kwa mizani. Hukadiriwa kwa jicho, na bei hutegemea ukubwa wake, msimu, na kama lori la mnunuzi limefika au la. Swali la ekari nalo ni zito zaidi. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi yakabaki vipande, na hatimiliki nyingine zingali kwa jina la babu aliyekwisha kufariki. Mtu aulizwapo ukubwa wa shamba lake na mgeni asiyemjua, hujibu kwa hadhari. Anayekisia huzaa takwimu za kukisia, na takwimu za kukisia huzaa sera zisizomfaa mtu.

Kwamba utafiti waweza kumfaa mwenyeji, ushahidi tunao humu humu Magharibi mwa Kenya. Mwaka 1996, watafiti walianza kugawa vitabu vya kiada katika baadhi ya shule za msingi za Busia, kisha wakalinganisha matokeo yao na ya shule ambazo hazikupewa. Mmoja wao alikuwa Michael Kremer, ambaye katika miaka ya 1980 alikuwa amefundisha shule huku Magharibi. Wengi tungeapa kwamba vitabu vingepandisha alama za wote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba walionufaika ni wale waliokuwa hodari tangu awali. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi, na wanyonge hawakuweza kuvisoma.

Halafu, kuanzia mwaka 1998, Kremer na Edward Miguel, wakati huo mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard, walichunguza dawa za minyoo katika shule 75 za Busia. Waliona utoro ukipungua kwa kiasi cha robo. Serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa hizo mwaka 2009. Ni kweli kwamba mwaka 2015 wataalamu wengine walizikosoa baadhi ya hesabu hizo, lakini waliweza kufanya hivyo kwa sababu takwimu zilitolewa zichunguzwe upya. Utafiti uliofungiwa kabatini haukosolewi wala haumfai mtu.

Somo la vitabu vile latuhusu sote. Kama mtoto wa Busia hakufaidika na kitabu cha lugha asiyoimudu, mama wa Keumbu atafaidikaje na tasnifu ya kurasa 100 kwa lugha hiyo hiyo, iliyohifadhiwa katika maktaba asiyoweza kuingia?

Wako watakaosema kwamba mwanafunzi ni maskini, muda wake ni mfupi, na kwamba nakala ya ripoti huwasilishwa kwa tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Nakubali. Lakini nakala iliyoko Nairobi haijafika Keumbu. Sidai fedha. Nadai ukurasa mmoja wa Kiswahili au Ekegusii, usomwe katika baraza la chifu au katika mkutano wa wazazi shuleni, na nakala yake ipelekwe kwa serikali ya kaunti, kwani Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kilimo na masoko. Wasimamizi wa tasnifu na wadai ushahidi wa kikao hicho kabla mwanafunzi hajavaa joho. Nauli ya siku moja haimshindi aliyeweza kuja mara tatu kuuliza.

Manufaa hayatakuwa ya mwenyeji peke yake. Siku mtafiti atakaposimama mbele ya akina mama na kuwasomea kwamba mapato yao ni kiasi fulani kwa mwezi, watacheka, kisha watamsahihisha. Hapo ndipo atakapojifunza uchumi wa ndizi.

Nanyi walimu wenzangu, tusikubali tena kuwa wakalimani wa kukisia. Nami, akija mwingine, nitamuuliza swali moja kabla ya kumfungulia mlango: utarudi lini kutuambia ulichokiona?