Santuri Waliyoiita Kamilifu

Miongoni mwa itikadi ambazo watu waliosoma huzipokea bila kuzitia katika mizani, kama mtu anavyopokea chenji dukani asiihesabu kwa kuwa mwenye duka ni hajji, iko moja isemayo kwamba santuri ya Miles Davis iitwayo Kind of Blue ni kazi kamilifu isiyo na dosari, na ndiyo kipimo ambacho kila kitu kinachojiita jazz ulimwenguni hakina budi kupimwa kwacho. Na kwamba, kwa kipimo hicho, bendi zetu zilizoandika neno Jazz juu ya ngoma zao, tangu Dar es Salaam Jazz hadi Nuta Jazz, zilikuwa zimevaa kanzu ya kuazima. Nusu ya kwanza ya itikadi hii ni kosa juu ya santuri, na nusu ya pili ni dhuluma juu ya watu wetu, na makosa haya mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Niliisikia mara ya mwisho hapa hapa Kibingo, Kyerwa, msimu wa kahawa, uani kahawa ya maganda ikiwa imeanikwa juu ya turubai na kuku wakifukuzwa kila dakika. Mwana wa mdogo wangu, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, aliweka simu yake na spika ndogo mfano wa kikombe kando ya bakuli la kahawa ya kutafuna, akatusikilizisha mwanzo wa santuri ile. Alipoona tumenyamaza alidhani tumeshindwa, akaniambia kwa adabu zote anazostahiki mtoto kuwa nazo: "Baba mkubwa, hizo za kwenu zilikuwa muziki wa dansi tu. Jazz ni hii." Wazee wenzangu wawili walitikisa vichwa kukubali, maana mtu aliyetoka mjini na spika yake huwa ni vigumu kumpinga.

Insafu yataka niseme kwanza kwamba nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nikisikiliza. Santuri ile ina vipande vitano tu, vilivyopigwa na watu saba katika vikao viwili, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili 1959, ndani ya kanisa la zamani la Barabara ya 30 mjini New York ambalo kampuni ya Columbia ililigeuza studio. Saksafoni mbili za John Coltrane na Cannonball Adderley hazifanani kwa tabia, moja ikiuliza kama hakimu na nyingine ikicheka kama mwenye harusi. Piano ya Bill Evans haisemi neno mpaka ilipime. Na tarumbeta ya Davis mwenyewe, yenye sauti chache kuliko za mwingine yeyote, huingia kama mtu anayepiga hodi usiku akijua waliomo ndani bado wako macho. Ni kazi kubwa, na anayetaka kuishusha daraja asinihesabu katika jeshi lake. Lakini ukuu ni jambo moja na ukamilifu ni jambo jingine, na wanaosifu ukamilifu wake mara nyingi wanasifu kitu wasichokichunguza.

Basi tuichunguze. Siku ya kikao cha kwanza mtambo mkuu wa kurekodia ulikuwa ukizunguka polepole kuliko haki yake, kwa hiyo sauti zilipotolewa katika mtambo wenye mwendo sahihi zilitoka juu kidogo na haraka kidogo kuliko zilivyopigwa. Kosa hilo liliharibu vipande vitatu vya upande wa kwanza, yaani vitatu kati ya vitano, na halikusahihishwa mpaka mwaka 1992. Kwa muda wa miaka 33 maulamaa wa jazz waliinamisha vichwa mbele ya santuri hiyo, wakaandika vitabu juu ya kila pumzi yake, na wanafunzi wakapandisha nyuzi za magitaa yao ili wafuatane nayo, ilhali zaidi ya nusu yake haikuwa katika sauti iliyopigwa. Katika baadhi ya nakala za mwanzo hata majina ya vipande viwili vya upande wa pili yalibadilishana mahali. Sisemi kwamba haya yanapunguza uzuri wa muziki. Nasema kinyume chake, kwamba uzuri ulibaki palepale wakati ukamilifu haukuwapo, na kwa hiyo uzuri haukutoka kwenye ukamilifu.

Shahidi mkubwa kuliko mtambo ni mwenye kazi mwenyewe. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1989, Davis alikiri kwamba katika santuri ile alikosa shabaha. Alikuwa amekwenda kukitazama kikundi cha ngoma cha Guinea, Les Ballets Africains, akashangazwa na jinsi wachezaji, wapiga ngoma na mpiga kinanda cha vidole walivyokuwa wakijibizana, na akataka kuitia sauti ile ya kinanda cha vidole ndani ya muziki wake, pamoja na kumbukumbu ya utotoni ya nyimbo za kanisani na njia ya giza ya vijijini Arkansas. Hakuipata. Alisema kwamba alipowaeleza watu kuwa alikosa, walimtazama kama mwendawazimu. Kinanda hicho ni chombo kile cha vyuma vidogo vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ambacho Wagogo wa Dodoma hukiita ilimba na ambacho marehemu Hukwe Zawose alikipeleka katika majukwaa ya dunia. Nilipomweleza kijana wetu kwamba santuri anayotupimia sisi kwayo ilikuwa ni jitihada ya Mmarekani kuifikia ilimba, na kwamba kwa ushahidi wake mwenyewe hakuifikia, alitafuna kahawa yake kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Wapo watakaosema kwamba fahari ya santuri ile iko katika uvumbuzi wake, kuwa iliachana na msururu wa kodi zinazobadilika kila nukta, ikakaa juu ya ngazi chache za sauti na kumwachia mpigaji nafasi ya kutafakari. Ni kweli kwamba huko New York jambo hilo lilikuwa jipya, na kipande cha mwisho, Flamenco Sketches, kina ngazi tano ambazo kila mpigaji hukaa juu ya kila moja muda apendao. Walakini neno uvumbuzi lina mipaka ya mahali. Huko Unguja, Ikhwani Safaa imekuwapo tangu 1905, na mpiga udi au kanuni wa taarabu, kabla hajaingia katika wimbo wenyewe, hukaa juu ya makamu moja, yaani ngazi moja ya sauti, akiizunguka kama mwenye nyumba anayekagua kuta zake, na wasikilizaji huitambua bayati au hijazi kwa harufu. Hata katika hizo ngazi tano za Davis imo moja yenye manukato ya Andalusia, nchi iliyokaa chini ya Waarabu karne nyingi. Kwa masikio ya Malindi ya Unguja, lililoitwa mapinduzi mwaka 1959 lingeweza kuitwa mgeni aliyepotea njia akafika nyumbani.

Ukuu wake basi uko wapi? Mimi naona uko pale wasifiaji wasipotaka kutazama: watu saba walifika wakiwa na michoro michache tu ya sauti, na kilichotufikia ni mara ya kwanza waliyoweza kufika mwisho wa kila kipande bila kusimama, isipokuwa kile cha mwisho walichokimaliza mara mbili. Tunachokisikia ni watu wakitafuta. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kuitukuza santuri hiyo mwaka 2009, ilipotimiza miaka 50, nami sina imani na mabunge yanapotukuza muziki, kwa kuwa aghalabu hukitukuza kitu pale ambapo hakiwezi tena kumsumbua mtu.

Nirudi kwenye kanzu ya kuazima. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Davis alipoingia katika lile kanisa la Barabara ya 30, jina la Jazz lilikuwa limekwisha kuwa na miaka 27 katika Tanganyika, likiitwa na kuitikiwa, na Morogoro Jazz ilikuwa na miaka 15. Mwaka uleule wa 1959 ndipo ilipoanzishwa Western Jazz Band, na waanzilishi wake wakiwa watu wa Nzega waliokuwa Dar es Salaam. Jina likikaa katika nyumba muda huo na kuzaa wana na wajukuu, mwenye akili hasemi tena kwamba limeazimwa. Ng'ambo ya magharibi yetu Kabasele alikuwa na African Jazz, na Franco na wenzake wakaanzisha OK Jazz mwaka 1956, wala hakuna Mkongo anayekubali kuulizwa hati ya kumiliki neno hilo.

Hoja kwamba zilikuwa bendi za dansi, na kwa hiyo si jazz, humwangukia aliyeitupa. Duke Ellington na Count Basie walipiga ili watu wacheze, na pale Harlem ukumbi wa Savoy haukujengewa viti vya kutafakari. Jazz ilizaliwa ikiwa na miguu. Kukaa kitini ilijifunza baadaye, kama mzee. Anayewatoa Western Jazz katika nasaba hiyo kwa sababu watu walikuwa wakitoka jasho hana budi kumtoa Ellington vilevile, na sidhani kijana wetu amejitayarisha kwa msiba huo.

Imebaki hoja ya santuri yenyewe. Husemwa kwamba hatukuacha albamu moja ya kuwekwa kando ya Kind of Blue, na hilo ni kweli, lakini kweli hiyo ni ya viwanda zaidi kuliko ya muziki. Hapa hapakuwa na kiwanda cha kutengenezea sahani. Bendi zilirekodi Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, katika kanda kubwa za sumaku ambazo zilikuwa mali ya redio, au zilisafiri mpaka Nairobi ambako kampuni za kigeni zilizitolea sahani ndogo yenye wimbo mmoja. Na wimbo wetu wa dansi ulikuwa na tabia ambayo sahani ndogo haikuipenda: huanza polepole, mwimbaji akieleza kisa chake, talaka au deni au usia wa mzazi, kisha waimbaji hunyamaza na chemko huingia, magitaa ya solo na ya ridhimu yakisukana juu ya kodi tatu au nne zisizokwisha, bezi ikiyajibu na tumba ikiyachochea, mpaka wachezaji wachoke. Chemko haina urefu wa kuandikwa. Urefu wake ni watu. Sahani ya dakika chache iliikata katikati, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili, hata ikawa kila anayeisikiliza nyumbani sharti ainuke kuigeuza pale hasa ambapo mwili umekwisha kukubali. Vijana wa leo wanaiona ni kasoro ya kuchekesha. Mimi nauliza ni nani aliye na haki ya kumhukumu mpishi kwa ukubwa wa kijiko alichopewa mlaji.

Nitakubali jambo moja, maana mjadala usiokubali kitu ni ugomvi. Katika sahani zetu solo nyingi zilikuwa zimekwisha kukaririwa kabla ya siku ya kurekodi, na anayetafuta mtu wa kwenda mbali peke yake gizani kama Coltrane anavyokwenda, hatampata humo. Hata Mbaraka Mwinshehe, ambaye gitaa lake lilikuwa na ulimi kuliko waimbaji wengi, na ambaye alifariki katika ajali ya gari Januari 1979 tukiwa bado vitani na Amin, hakwenda njia hiyo. Wetu walikwenda pamoja. Ni tofauti ya njia, na sijaona kitabu kinachothibitisha kwamba ya mmoja ni ndefu kuliko ya wengi.

Na sisi watu wa Karagwe na Kyerwa tungepaswa kuwa wa mwisho kupumbazwa na sahani. Mpiga nanga wa Buhaya na Karagwe, mwenye kile chano cha mti na uzi wake mmoja uliopitishwa huku na huku, akihadithia vita na visasi vya watu wa kale, alikuwa na utenzi asioupiga mara mbili kwa namna moja; Profesa Mulokozi alionyesha zamani kwamba hao ni watunzi wa tenzi za kishujaa kwa maana kamili ya neno, na utunzi wao hutokea palepale, mbele ya watu, kwa kadiri ya watu. Katika maisha yangu sikupata kusikia mtu akiuliza ni nanga ya usiku upi iliyo kubwa kuliko zote za dunia. Waliuliza yuko wapi, na kama atakuja tena.

Jioni ile, pombe ya rubisi ilipofika, nilitoa ndani gramafoni yangu ya betri, ambayo mwendo wake nao hauaminiki, na sahani ndogo ya Western Jazz yenye mkwaruzo niufahamuo kama kovu langu mwenyewe. Kijana hakusema kitu. Mwimbaji alieleza kisa chake, sindano ikaruka mara moja mahali pake pa siku zote, magitaa yakaanza kusukana, na upande ukaisha. Nilikuwa bado natafuta fimbo yangu, yeye alikuwa amekwisha kusimama na kuigeuza.