Nusu kaputi kwa mbwa mzee: tusisingizie umri

Ukisema pale Same mjini kwamba unampeleka mbwa kung'olewa meno kwa nusu kaputi, jiandae kuchekwa. Sisi Wapare tayari tunataniwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Sasa watatuongezea na hili la kukodi gari hadi Moshi, kilomita kama 100, kwa ajili ya meno ya mbwa. Mimi nasema tukodi. Ila kwa masharti, na masharti yenyewe ndiyo hoja yangu ya leo.

Habari yenyewe ni hii. Shangazi yangu ana mbwa anaitwa Popi, kijibwa cha manyoya chenye kilo nne na kidogo, aliyeachiwa na mgeni mmoja wa kujitolea aliyerudi kwao Ulaya. Popi ana miaka 11. Mdomo unanuka, anatafunia upande mmoja, na mfupa anaunusa tu kisha anauacha. Daktari wa mifugo aliyemtazama amesema ukoga umekuwa mgumu kama jiwe, fizi zina usaha, na meno kadhaa yang'olewe. Kazi hiyo haiwezekani mbwa akiwa macho. Basi familia imegawanyika. Baba mdogo kapiga simu kutoka Mbaga: "Huyo kashazeeka, mwacheni." Shangazi naye hasemi aachwe, ila anaogopa Popi akilala asiamke tena.

Nianze na baba mdogo, kwa heshima zote. Uzee si ugonjwa. Jino bovu ndilo ugonjwa, na linauma kwa mbwa kama linavyotuuma sisi. Tofauti ni kwamba mbwa hashiki shavu akalia. Anaendelea kula kwa sababu njaa nayo inauma, nasi tunasema "mbona anakula?" Mbwa wadogo ndio wanaopata zaidi shida hii, maana meno yamebanana kwenye taya dogo, na uchafu ukinasa hautoki. Usaha ukishakula mfupa, taya la kijibwa kama huyu linaweza hata kuvunjika. Kwa hiyo "mwacheni" si huruma. Ni kumwachia maumivu yake kwa sababu hayatupigii kelele.

Hofu ya shangazi ni nzito zaidi, na sitaki kuidharau. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi wa Uingereza uliofuatilia mbwa zaidi ya 98,000 waliopewa dawa za usingizi. Kwa jumla alikufa mbwa 1 kati ya 600 hivi. Kwa wale wenye afya nzuri ilikuwa 1 kati ya 1,800 hivi, lakini kwa wagonjwa ikawa 1 kati ya 75. Wazee wa miaka 12 na zaidi, na wadogo wasiofika kilo tano, walikuwa kwenye hatari kubwa kuliko wenzao. Popi ni mdogo, na uzee unabisha hodi. Hatari ipo, tusidanganyane. Lakini tazameni hizo namba vizuri: pengo kati ya mzima na mgonjwa ni kubwa mno. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ana miaka mingapi?", uliza "moyo, figo na ini vikoje?" Hayo yanapimika.

Ndiyo masharti yangu. Kwanza, moyo usikilizwe na damu ipimwe kabla ya siku yenyewe. Pili, awekewe mpira kwenye koo, ili maji na uchafu wa mdomoni visiingie mapafuni. Tatu, awe na dripu, na afunikwe apate joto, maana kijibwa kidogo hupoa upesi. Nne, na hili nalishikilia sana, awepo mtu wa pili ambaye kazi yake ni kuangalia pumzi na mapigo ya moyo tu. Anayeng'oa meno asiwe ndiye huyo huyo anayelinda usingizi. Tano, apewe dawa ya maumivu ya mbwa akirudi nyumbani. Msimpe diklofenaki wala panadol ya kwenye kabati, jamani, dawa hizo zinaweza kumuua.

Zahanati ikikosa haya, jibu langu linageuka: asilazwe hapo. Kazi kubwa ya mabwana mifugo wa kwetu ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na hakuna aibu daktari kusema "hili peleka mbele." Na vipimo vikionyesha moyo au figo zimechoka sana, basi tumpe chakula laini na dawa ya maumivu kwa ushauri wa daktari, tukijua tumeamua na hatukukwepa.

Wapo watakaosema nusu kaputi kwa wanyama ni mambo ya Wazungu. Hebu angalieni jirani yetu Mkomazi, hapo geti la Zange tu. Mwaka 1997 waliletwa faru weusi kutoka Afrika Kusini. Faru wa porini hakamatwi kwa kamba na kelele, hulazwa kwa sindano, daktari akiangalia anavyopumua. Na madaktari wa wanyama wanafundishwa hapa hapa nchini, Morogoro, tangu 1976. Tunayo hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kinachokosekana mara nyingi ni sisi kuamini kwamba mnyama asiye na bei sokoni naye anaumwa.

Hela? Kweli, si ndogo, na mwenye ada ya shule mezani simlaumu akisema hana. Aseme hivyo, "sina." Hilo ni jibu la mtu mzima. Asisingizie umri wa mbwa.

Kwa Popi hela imechangwa, kasoro ya baba mdogo. Damu inapimwa wiki ijayo, na majibu yakiwa mazuri shangazi ndiye atakayetoa neno la mwisho, maana ndiye anayelala akimsikia mbwa wake akilamba mdomo usiku kucha. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?