Mgonjwa Akishatoka Chumba cha Upasuaji



Familia inapoambiwa kwamba mpendwa wao hana budi kupasuliwa, hofu yote huelekezwa kwenye kisu. Watu husali, huchangishana fedha, hutafuta wa kutoa damu, na siku yenyewe ikifika huketi kwenye benchi wakiutazama mlango. Mgonjwa akitolewa akiwa hai, wote hushusha pumzi na kusema yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Mwaka 2018 jarida la tiba The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ukiwahusu wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa. Karibu mmoja kati ya watano alipatwa na madhara baada ya upasuaji, hasa maambukizi. Wagonjwa hao, ingawa wengi wao walikuwa bado vijana, walikufa kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wastani wa dunia. Na katika kila vifo kumi, zaidi ya tisa vilitokea siku iliyofuata upasuaji au baadaye. Watu walinusurika mezani, wakafia kitandani.

Yeyote aliyewahi kumuuguza ndugu katika hospitali zetu za umma hapa Kenya hatashangaa. Usiku muuguzi mmoja huachiwa wodi nzima. Hatuandiki haya kumshutumu. Hana mikono minne. Lakini kwa sababu hiyo, anayegundua kwamba mgonjwa anahema kwa shida, kwamba bandeji imelowa damu, au kwamba hajakojoa tangu asubuhi, mara nyingi ni mama yake, mkewe, au mgonjwa wa kitanda cha pili. Hao ndio walinzi wa kweli wa wodi, nao hawajaambiwa walinde nini. Saa ya kuwaona wagonjwa ikiisha hutolewa nje, na akithubutu mmoja wao kusema kwamba hali imebadilika, huambiwa asiwafundishe watu kazi.

Kisha hufika siku ya kuruhusiwa. Familia hupewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mkato ambacho hata mwalimu wa kijiji hawezi kukisoma, na kuambiwa: rudini kliniki baada ya wiki mbili. Je, kidonda kioshwe au kisiguswe? Nyuzi zitolewe lini, na nani? Maumivu yapi ni ya kawaida, na yapi ni ya kukimbilia hospitali usiku huo huo? Hayo hayasemwi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati watu 11 kati ya 100 wanaopasuliwa huambukizwa, na kwamba barani Afrika hadi wanawake 20 kati ya 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Mama huyo ndiye tunayemwona akiinua mtungi wa lita 20 kabla mshono haujakauka. Jirani mwenye nia njema humletea majivu na majani ya kupaka. Kidonda kikianza kutoa harufu, huona aibu, hujifunika kanga, na kusema ni homa tu.

Kwa nini watu hawaulizi? Wapo wanaoogopa kukemewa. Lakini Tume yetu inaona sababu iliyo nzito zaidi, nayo ni deni. Mwenye deni hujitahidi kutoonekana. Familia inayodaiwa hutamani kumtoa mgonjwa wao haraka na kimya kimya, na kidonda kikiharibika wiki ya pili huona haya kurudi mahali walipoacha ahadi ya kulipa. Hivyo bili ya juzi humzuia mtu kutibiwa leo. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2010 kina mama wawili walizuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kukosa fedha, na Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia hivyo kulivunja haki zao za kikatiba. Tungependa hukumu hiyo ijulikane katika kila kigango, kwa maana bado wako wanaoamini kwamba hospitali ina haki ya kumfungia mtu.

Sheria inasema zaidi ya hapo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yanayowezekana, hatari zake na gharama zake, na kila inapowezekana afanye hivyo kwa lugha anayoielewa, akizingatia uwezo wake wa kusoma. Linganisheni hayo na dole gumba linalowekwa kwenye fomu ya idhini mgonjwa akiwa tayari juu ya machela. Kueleza si anasa. Mnamo Machi 2018 nchi nzima ilipata habari kwamba katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mtu asiyehitaji upasuaji alipasuliwa kichwa kwa kuwa vitambulisho vya wagonjwa wawili vilibadilishana. Orodha ya usalama ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008 inaanza kwa kumtaka mgonjwa mwenyewe athibitishe, kabla ya dawa ya usingizi, yeye ni nani na anafanyiwa nini. (Wapo madaktari wanaomchorea bibi kizee picha ya tumbo nyuma ya karatasi ya maabara na kumweleza kila hatua. Haiwachukui dakika kumi, na bibi huyo hukumbuka neno kwa neno.)

Tunawaomba viongozi wa walei mambo machache. Mkristo wa Jumuiya yenu akipangiwa upasuaji, hakikisheni mapema kwamba amesajiliwa katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Siku ya kuruhusiwa, aende naye mtu mmoja mwenye daftari, asiyedaiwa na asiye na woga, aandike majina ya dawa, siku ya kutoa nyuzi, na dalili za hatari kama alivyotamka daktari. Asiondoke kabla ya kuelewa. Michango ya Jumuiya isiishie kwenye bili. Itengwe nauli ya kurudi kliniki. Wanaokwenda kumwona mgonjwa nyumbani wamwulize kuhusu kidonda waziwazi, na wakisikia habari ya usaha au homa wamwite mhudumu wa afya wa jamii siku hiyo hiyo.

Mwenye malalamiko anayo haki, kwa sheria hiyo hiyo ya 2017, ya kuyawasilisha na yakachunguzwa. Yaandikeni kwa tarehe, wodi na maneno yaliyosemwa, bila matusi, nakala moja ikiletwa katika ofisi ya Tume parokiani. Kwa upande wetu tutaziomba kamati za hospitali za kaunti kwamba karatasi ya kuruhusiwa iandikwe kwa Kiswahili.