Jira, Trello, WhatsApp... na daftari la mama wa kikoba

Najua nimeadimika humu ndani, wengine mmeanza kuniuliza kwenye foleni ya chakula kama nimedisko. Sijadisko (bado). Nilikuwa na projekti ya mwaka wa mwisho, ile ya kikundi, na kama umewahi kufanya kazi ya kikundi hapa chuoni basi huhitaji maelezo zaidi. Jumanne tumewasilisha. Tumeaibika. Leo nina hasira na nimejiunga bando la usiku, kwa hiyo kaeni mkao wa kula.

Kwa wasiojua, tulikuwa watu sita. Tulikuwa tunatengeneza programu ya simu ya kutunza kumbukumbu za kikoba: nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani anarejesha lini. Mama mmoja anayekaa karibu na hosteli, mwenyekiti wa kikoba cha mtaani kwao, alitukubalia tukae kwenye vikao vyao tuone wanavyofanya. Mkumbukeni huyu mama, nitarudi kwake.

Wiki ya kwanza hatukuandika hata mstari mmoja wa kodi (siyo ya TRA, ile ya kompyuta). Tulikuwa tunabishana kwenye vimbwete mpaka mbu wakatufukuza. Tunabishana nini? Eti tutumie programu gani kupangia kazi na kufuatilia makosa!

Kulikuwa na kambi tatu. Kambi ya kwanza ni ya jamaa ambaye nitamwita Kaka Jira. Huyu alifanya fildi kwenye kampuni moja ya programu mjini, akarudi anaongea lugha nyingine kabisa: sprinti, bakilogi, nini sijui. Hoja yake ilikuwa moja tu: huko kazini wanatumia Jira, na neno ajira lenyewe lina Jira ndani yake. Teh teh, hapo alitumaliza mbavu. Kambi ya pili ni Dada Trello, mpenzi wa kadi za rangi: ubao mmoja, safu tatu, "ya kufanya", "inafanyika", "imekwisha". Kambi ya tatu ilisema jamani, sote tupo WhatsApp, kwa nini tujisumbue?

Tukapiga kura. WhatsApp ikashinda kwa kura nne kwa mbili. Na mimi ninayewaandikia hapa nilikuwa mmoja wa wale wanne. Nilishangilia kabisa.

Sasa sikieni kilichotokea. Usiku mmoja, kama saa sita hivi, mwenzetu mmoja, dada mkimya ambaye ndiye alikuwa anaijaribu programu kila siku bila kuombwa, aliandika kwenye grupu kwamba mtandao ukiwa dhaifu na mtu akabonyeza "Tuma" mara mbili, mchango unaingia mara mbili. Akaweka na picha. Sehemu ile ni mimi niliyeiandika. Nikajibu: "Poa, nashughulikia." Nikaweka na dole gumba. Dakika chache baadaye mtu akaanzisha mambo ya Simba na Yanga, ujumbe zikamiminika, na kufikia asubuhi ule wa dada ulikuwa umezikwa huko juu. Nikasahau. Sina kisingizio kingine, nilisahau.

Jumanne mwalimu mmoja kwenye jopo akaichukua simu. Mtandao wa ule ukumbi mnaujua wenyewe. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena. Elfu tano ikawa elfu kumi. Akatugeuzia: hili mlikuwa mnalijua? Kujaribu programu ilikuwa kazi ya nani? Mmoja wetu, msemaji kuliko wote, akajibu haraka haraka kwamba kujaribu ilikuwa kazi ya yule dada. Yule yule aliyeligundua! Dada akatoa simu, akaanza kuutafuta ule ujumbe. Akapandisha, akapandisha, muda ukaisha. Akaambiwa awe makini siku nyingine. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nikiangalia viatu vyangu.

Ndiyo maana nasema leo sitabembeleza mtu.

Naanza na kambi yangu mwenyewe. WhatsApp siyo mahali pa kufuatilia kazi, na anayesema ni pa kufuatilia kazi anatafuta mahali pa kujificha. Kosa likigunduliwa linahitaji vitu vinne tu: namba yake, jina la mtu mmoja aliyelibeba, hali yake (limekwisha au halijaisha), na historia ya yaliyosemwa juu yake. WhatsApp haikupi hata kimoja kati ya hivyo. Inakupa dole gumba. Dole gumba siyo ahadi, wadau.

Kuna mjanja mmoja wa darasani kwetu ataniletea habari za Linux. Atasema mbona wale wa Linux, maelfu ya watu dunia nzima, mpaka leo kazi yao kubwa inapita kwenye barua pepe? Ni kweli kabisa. Lakini usichukue nusu ya hadithi. Kule kila barua ina kichwa cha habari, majibu yake yanakaa chini yake, kila kitu kinahifadhiwa hadharani, na kuna faili linaloitwa MAINTAINERS linalotaja ni nani anahusika na sehemu ipi ya programu. Grupu letu sisi lilikuwa na nini? Stika.

Halafu kuna hesabu ambayo Fred Brooks aliieleza kwenye kitabu chake The Mythical Man-Month cha mwaka 1975. Watu wakiongezeka, njia za kuongea kati yao zinaongezeka kwa kasi zaidi. Watu watatu wana njia tatu. Watu sita wana njia 15. Sisi tulidhani grupu moja limezifanya zote kuwa moja. Kumbe wawili walikuwa wanaelewana pembeni kwa simu, wengine kwenye foleni ya chai, na hakuna mahali palipoandikwa nini kimeamuliwa.

Kaka Jira najua hapo ulipo unatabasamu. Subiri, zamu yako imefika.

Hilo jina unalolitamba lina historia. Mwaka 1998 watu wa Mozilla walitoa Bugzilla, programu ya bure ya kufuatilia makosa. Kampuni ya Atlassian, iliyoanzishwa Sydney mwaka 2002, ilikuwa inatumia hiyo Bugzilla, na walipotengeneza ya kwao wakachukua jina kutoka Gojira, ambalo ndilo jina la Kijapani la lile dude la sinema, Godzilla. Wakakata mbele, ikabaki Jira. Na kweli ni dude. Ukiwa na timu kumi zinazotegemeana, na kazi inayopita kwa mwandishi, mkaguzi, mjaribu, mpaka meneja, dude hilo lina kazi yake. Unaweza kupanga kila hatua na nani anaruhusiwa kuipitisha. Sisi tulikuwa sita. Ni bure kwa timu isiyozidi watu 10, sawa, lakini bei siyo hela tu. Kaka Jira alitufungulia akaunti kwa siku tatu za majaribio kabla ya kura, nikamwona anatumia jioni nzima kupanga hatua saba ambazo tiketi itapitia. Tiketi zenyewe zilikuwa nne!

Na hili mlisikie vizuri. Aprili 2022 Atlassian hao hao walifuta kwa bahati mbaya mifumo ya wateja wao wapatao 775, na wengine walikaa mpaka wiki mbili bila kuona kazi zao. Sababu? Timu moja iliomba programu fulani ndogo ya zamani ifutwe kwa wateja, lakini namba walizowapa timu ya pili zilikuwa za mifumo mizima ya wateja. Timu ya pili ikafuta. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba kulikuwa na pengo la mawasiliano kati ya timu hizo mbili. Wauzaji wa dawa ya mawasiliano wameugua mawasiliano! Siwacheki, maana na mimi nimeugua. Nasema tu kwamba kama wao wenye Jira yao hawakuokolewa na Jira, wewe unayeitaka kwa ajili ya CV itakuokoa nini?

Dada Trello, wewe nilikuonea kwenye ile kura na naomba radhi. Ubao wako ungetufaa kuliko tulichochagua. Mtu yeyote anauelewa kwa dakika mbili, na wazo lake lina mizizi ya maana: Toyota, hawa hawa wa Noah na Hiace, walianza kutumia kadi za kanban viwandani chini ya Taiichi Ohno kuanzia miaka ya 1950. Lakini kule kadi ilikuwa na kazi ya kuzuia. Hutengenezi kitu mpaka hatua ya mbele ikuombe. Sisi tungejaza kadi 20 kwenye "inafanyika" na kila mtu angesema yuko bize. Ubao usio na kikomo ni ukuta wa matangazo tu.

Halafu niwape kichekesho. Mwaka 2017 Atlassian walinunua Trello kwa dola milioni 425. Kwa hiyo ile wiki nzima kwenye vimbwete, Kaka Jira na Dada Trello walikuwa wanapigana kwa niaba ya mwenye duka mmoja. Mbu wanakula sisi, hela wanakula wao!

Haya, mtaniuliza basi mimi nachagua nini. Kwa kikundi cha wanafunzi wanaoandika programu, nachagua sehemu ya Issues ndani ya GitHub, kwa sababu moja ya msingi: kodi yenu ipo pale tayari. Kosa linapata namba. Linapewa mtu. Ukirekebisha unaandika "fixes #12" kwenye maelezo ya badiliko lako, na badiliko likiingia kwenye tawi kuu, namba 12 inajifunga yenyewe. Kesho mwalimu akiuliza, ushahidi upo: nani aliona, nani aliahidi, nani alirekebisha. Tangu Aprili 2020 hata hazina za siri ni bure kwa kikundi cha watu wowote idadi. Kwa maabara yenye mtandao wa ndani lakini intaneti ya kubahatisha, ipo Redmine, huria, tangu 2006, mnaiweka kwenye mashine yenu wenyewe na inafanya kazi bila bando. Ila mtu mmoja akubali kuitunza, la sivyo itakufa na mashine yake.

Lakini nitakuwa mwongo nikiishia hapo, kwa sababu hata GitHub isingetusaidia kwa tabia ile tuliyokuwa nayo.

Nirudi kwa mama wa kikoba. Kikao cha kwanza tulifika, tukaamkia, tukakaa nyuma. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Katibu ana daftari, lile la kawaida la kaunta, gamba gumu. Kila mchango unaandikwa mbele ya watu, na kabla ya kufunga kikao deni la kila mtu linasomwa kwa sauti, jina kwa jina, mwenyewe akiwepo. Mmoja wetu akamuuliza, mama, hamwaminiani? Mama akacheka. Akasema: "Tunaaminiana, mwanangu. Tunaandika ili tuendelee kuaminiana."

Nilisikia, nikatikisa kichwa, nikarudi hosteli kuchagua WhatsApp. Hivyo ndivyo elimu ya juu ilivyo.

Kazi uliyoahidi kikundi ni deni. Na mimi nadhani sababu ya kweli ya sisi wanaume wanne kuipenda WhatsApp haikuwa bando. Ni kwamba daftari linaonyesha wanaotegea. Msemaji wa kikundi hapendi daftari kwa sababu mdomo wake unamtosha. Anayeumia ni mkimya anayefanya kazi, maana bila maandishi jasho lake linakuwa la kikundi na makosa ya kikundi yanakuwa yake.

Najua daftari nalo linachakachuliwa. Mtu anaweza kufungua tiketi ndogo ndogo arobaini za kubadilisha rangi ya kitufe akazifunga zote aonekane shujaa. Ndiyo maana wale kina mama hawaachi daftari kabatini, wanalisoma kwa sauti mbele ya wenye deni. Programu bila kikao cha kuisoma ni kaburi.

Kwa hiyo mnaoingia mwaka wa mwisho muhula ujao, nawaomba mambo matatu. Chagueni chombo ndani ya nusu saa, siyo wiki. Kila kosa liwe na jina la mtu mmoja, siyo "sisi". Na mara moja kwa wiki kaeni kwenye kimbweta msome orodha yote kwa sauti, robo saa tu inatosha. Na nyie walimu mnaopita humu kimya kimya (tunawajua), mkitoa maksi za kikundi ulizeni daftari kabla ya kumsikiliza mwenye sauti kubwa.

Mimi jana asubuhi nilikwenda ofisini kwa msimamizi wetu. Nilimwonyesha ule ujumbe wa saa sita usiku, niliukuta baada ya kutafuta karibu saa nzima, na jibu langu chini yake, dole gumba na yote. Nikamwambia kosa lilikuwa langu na dada alilisema mapema. Ameandika mahali. Sijui maksi zitakuwaje, zangu wala zake. Dada nimemwomba msamaha, akasema "sawa" moja fupi sana, na nimeielewa.

Lile kosa nimelirekebisha usiku huu kabla ya kuandika hapa. Ni mistari tisa tu ya kodi, wadau. Tisa! Nimeliandika kwanza kwenye orodha, likapewa namba 1, likapewa jina langu, na sasa hivi limefungwa.

Naomba kutoa hoja. Bando linakata saa kumi na moja, alamsiki.