Mali Iliyo Daftarini

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari. Kauli hiyo ni ya haki, wala hatuikanushi. Lakini twapenda kuongeza neno moja ambalo kila mwenye duka alijua na ambalo wakubwa wengi hulisahau: mali iliyomo daftarini si sawa na fedha iliyomo kashani. Aliyekopesha magunia kumi ya mchele ameuza, ndiyo; bali hajapata kitu mpaka deni lilipwe.

Ushahidi wetu twautoa Uingereza. Huko kulikuwako kampuni iitwayo Carillion, iliyoundwa mwaka 1999. Kazi yake kubwa ilikuwa kuitumikia Serikali: kujenga hospitali na njia, kutengeneza magereza na nyumba za askari, na kuwapikia chakula watoto wa skuli. Mwaka 2016 vitabu vyake viliandika mapato ya pauni milioni 5,200, na watumishi wake duniani walikuwa kiasi cha 43,000. Nani angaliiona asiiite tajiri?

Lakini utajiri huo ulikuwa wa wino. Ili kupata kazi, kampuni ilikubali bei ndogo. Na gharama zilipozidi, iliandika kuwa ni mapato fedha ambazo mteja hajakubali kuzilipa. Kwa kazi moja ya ujenzi mjini Doha, kampuni ilisema kuwa inadai pauni milioni 200; na mwenye kazi naye akasema kuwa yeye ndiye mwenye kudai. Deni la namna hii, hata likiandikwa kwa hati nzuri, halinunui kilo moja ya misumari.

Tarehe 10 Julai 2017 ukweli ukadhihiri: kampuni ilitangaza khasara ya pauni milioni 845 katika mikataba yake. Na mwezi mmoja tu kabla ya hapo ilikuwa imewagawia wenye hisa pauni milioni 55! Tarehe 15 Januari 2018 ikafilisiwa. Fedha iliyobaki mkononi ilikuwa pauni milioni 29, na madeni yake yalikaribia pauni milioni 7,000.

Sasa tutazame jambo la pili, nalo ni la kumtegemea mteja mmoja. Mikataba ya kampuni hii na idara za umma za Uingereza ilizidi 400. Mfanya biashara mwenye mteja mmoja mkubwa hawezi kukataa bei ndogo, wala hathubutu kudai kwa ukali, kwani akikasirisha leo hataitwa kesho. Na mteja naye hufungwa kwa kamba ile ile. Wiki moja tu baada ya khabari za Julai, kampuni hiyo, pamoja na wenzake wawili, ilipewa kazi katika reli mpya ya HS2. Kwa maoni yetu, mtumishi aliyekabidhiwa funguo za nyumba nzima hafukuzwi kwa siku moja, hata akionekana anayumba.

Je, khasara ilimwangukia nani? Iliwaangukia mafundi na wauzaji wadogo 30,000 waliokuwa wakidai karibu pauni milioni 2,000. Hao walikuwa wamewekewa sharti la kungoja malipo siku 120. Na aliyetaka haki yake mapema alipewa kwa njia ya benki, baada ya kukatwa. Wagonjwa nao walingoja: hospitali mpya ya Liverpool, iliyosimama ujenzi wake, ilifunguliwa mwaka 2022, na ile ya Midland Metropolitan mwaka 2024.

Ndugu wanachama, miongoni mwetu wamo wanaouza chakula kwa mahospitali, wanaopeleka mawe na mchanga njiani, na wanaoshona nguo za watumishi. Kwao twasema: msipeleke bidhaa yote mlango mmoja, hata mlango huo ukiwa wa Serikali. Na deni msilitazame wingi wake tu, tazameni na umri wake. Deni la mwezi mmoja na deni la mwaka si ndugu.

Kwa kila Serikali twasema: kulipa kwa wakati si hisani, ni wajibu. Na haitoshi kumlipa mkandarasi mkubwa. Yapasa kuhakikisha kuwa malipo yamefika kwa yule aliyebeba matofali.

Na sisi sote, tukiambiwa kuwa fulani amepata kazi za mamilioni, tusikimbilie kupiga makofi. Tuulize kwanza: amepokea kiasi gani, anamdai nani, na tangu lini? Maswali haya matatu hayahitaji elimu kubwa. Kila mwenye duka hujiuliza kila jioni kabla ya kufunga mlango, na lau yangaliulizwa kwa sauti huko Uingereza kabla ya Julai 2017, wengi wa wale 30,000 wangalisalimika na fedha zao.